Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Nani Awajibike kwa Data za Kihandisi Kiwandani?

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya viwanda, mitambo ya gesi, mamlaka za maji na makandarasi wa Mtwara na Lindi. Yanawahusu wenye mfumo wa kutunza michoro na data za mitambo, au wanaotaka kuununua, ambao bado hawajaamua nani atashika nini. Mifumo mingi ya aina hii hufa mapema ingawa programu yake ni nzima. Hufa kwa sababu siku ya kwanza hakuna aliyeambiwa, kwa maandishi, kwamba jambo fulani ni lake.

Data za kihandisi ni zipi hasa?

Ni kila kitu ambacho fundi au mhandisi atakihitaji ili ajenge, aendeshe, atengeneze au abomoe mtambo bila kubahatisha. Humo mna michoro ya mabomba na vyombo vya upimaji, michoro ya umeme, michoro ya misingi na majengo, orodha ya vifaa na namba zake, karatasi za vipimo vya pampu na mota, mahesabu, miongozo ya watengenezaji, vyeti vya ukaguzi wa boila na matangi ya shinikizo. Zimo pia programu zilizopakiwa ndani ya PLC, yaani kompyuta ndogo inayoongoza mitambo. Hizi za mwisho husahaulika karibu kila mahali. PLC ikiungua na nakala pekee ya programu iko kwenye kompyuta mpakato ya mkandarasi aliyeondoka miaka mitatu iliyopita, mstari mzima wa uzalishaji unasimama hata kama kifaa kipya kipo stoo.

Tuna folda ya pamoja kwenye seva. Haitoshi?

Folda huhifadhi mafaili, lakini haijui lipi ni halali. Ukikuta humo “Pampu mpya”, “Pampu mpya FINAL” na “Pampu mpya FINAL 2”, hakuna anayeweza kukuhakikishia fundi atumie lipi. Mfumo hukupa toleo moja halali kwa wakati mmoja, historia ya nani alibadilisha nini na lini, idhini yenye jina, na uhusiano kati ya waraka na kifaa, ili ukiandika namba ya pampu yaje makaratasi yake yote. Lakini hayo yote hufanya kazi tu kama kuna watu waliopewa jukumu la kuyalisha.

Mfumo uwe wa Idara ya Uhandisi au wa TEHAMA?

Uwe wa Uhandisi. Msimamo wetu hapa haubadiliki, na sababu yake ni hii: afisa TEHAMA anaweza kuhakikisha faili halipotei, lakini hawezi kujua kama valvu ya usalama ilipaswa kuandikwa bar 10 au bar 16. Anayejibu kwa usahihi wa namba hiyo ndiye mwenye data, na mfumo uliopo kwa ajili ya kulinda namba hiyo unapaswa kuwa chini yake.

Wahandisi nao wakiachiwa kila kitu huharibu kwa njia nyingine. Masasisho ya usalama hayafanywi, watu sita hutumia nywila moja, na nakala rudufu hukaa kwenye diski ya nje ndani ya droo ileile yenye kompyuta. Kwa hiyo gawa hivi.

Mwenye mfumo ni mkuu wa uhandisi au meneja wa kiufundi. Yeye huamua kanuni: namba za nyaraka, nani anaidhinisha nini, nini kinaingia na nini hakiingii. Bajeti ya leseni inasimama kwenye kasma yake.

Wenye data ni wahandisi wa fani: umeme, mitambo, upimaji na udhibiti, ujenzi. Kila fani ina mtu mmoja anayejibu kwa usahihi wa michoro yake. Ni mtu mmoja, si kamati. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Mtunza nyaraka husimamia uingiaji, utokaji na mpangilio. TEHAMA husimamia seva, mtandao, akaunti, nakala rudufu na usalama wa mfumo. Mafundi na waendesha mitambo ni watumiaji, na wana jukumu moja zito: kuripoti pale mchoro unapotofautiana na kilichopo.

Mkigombana jambo ni la nani, lisikilizeni swali lenyewe. “Namba hii ni sahihi?” huenda kwa mhandisi wa fani. “Mbona halifunguki?” huenda TEHAMA. “Liko wapi?” huenda kwa mtunza nyaraka. “Turuhusu?” huenda kwa mwenye mfumo.

Tunaandikaje mgawanyo huo?

Jedwali la ukurasa mmoja linatosha. Upande wa kushoto andika kazi, kama 15 hadi 20: kutoa namba ya mchoro, kuidhinisha mabadiliko, kufuta akaunti, kujaribu kurejesha nakala rudufu, kupokea data za mkandarasi, na kadhalika. Juu andika vyeo. Kwenye kila kisanduku weka anayetenda, anayewajibika, anayeshauriwa au anayejulishwa. Watendaji wanaweza kuwa wengi, ila anayewajibika ni mmoja tu kwa kila mstari. Mkishindwa kuafikiana nani awe huyo mmoja, hapo ndipo penye tatizo lenu la kweli, na hakuna programu itakayolitatua.

Andika vyeo, si majina ya watu. Kisha kila cheo kiwe na kaimu wake aliyeandikwa, kwa sababu watu huenda likizo, huugua, huhamishwa.

Mtunza nyaraka anafanya nini ambacho karani wa masijala hafanyi?

Masijala hupokea barua, hufungua jalada, huzungusha. Mtunza nyaraka za kihandisi hufanya hayo na zaidi: hukagua kama mchoro ulioletwa una namba sahihi, toleo sahihi, saini zote, na kama faili la asili limeambatana na PDF. Vikipungua, anaurudisha. Mamlaka hayo ya kurudisha lazima yaandikwe, la sivyo mhandisi mwandamizi atamwambia “pokea tu, nitaleta baadaye”, na hiyo baadaye haifiki.

Karani mzuri wa masijala anafaa sana kwa kazi hii akifundishwa kusoma kisanduku cha maelezo kilicho kona ya chini kulia ya mchoro. Nidhamu ya kutopoteza karatasi tayari anayo, na hiyo ndiyo ngumu kufundisha.

Nani ana mamlaka ya kubadilisha mchoro, na kwa hatua zipi?

Chukua mfano wa kiwanda cha korosho kinachotaka kuweka pampu kubwa zaidi ya kulisha boila maji. Anayeomba anaweza kuwa yeyote, hata mwendesha boila. Anajaza fomu: kifaa gani, kuna tatizo gani, anapendekeza nini. Mhandisi wa mitambo hupima athari: presha mpya, ukubwa wa bomba, uwezo wa valvu ya usalama, uzito juu ya msingi. Hapo hapo anamshirikisha mwenzake wa umeme, maana mota kubwa inadai kebo na kikata umeme tofauti. Mkuu wa uhandisi huidhinisha au hukataa. Mchoro unawekewa alama kwa kalamu nyekundu kabla ya kazi kuanza, na fundi anaifanya kazi kwa kuifuata nakala hiyo. Kazi ikiisha, fundi huandika kilichofanyika kweli, mchoraji hurekebisha faili la asili, mhandisi hukagua, toleo jipya linatoka, na la zamani linaondolewa kila lilipobandikwa.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayorukwa zaidi. Nenda karakana uangalie ukutani: kuna mchoro umepakaa grisi, kona zimejikunja, umeandikwa toleo la 2, ilhali kwenye mfumo ni toleo la 5. Fundi wa zamu ya usiku hafungui kompyuta, anasoma ukuta. Kwa hiyo nakala zote za karatasi ziwe na orodha ya mahali zilipo, na mtunza nyaraka awe na siku maalumu ya kuzizungukia.

Kwa nini ukali wote huu? Tarehe 1 Juni 1974 kiwanda cha kemikali cha Flixborough, Uingereza, kililipuka na kuua watu 28. Mtungi wa tano kati ya sita ulikuwa umeondolewa kwa sababu ya ufa, na bomba la muda la inchi 20 likaunganisha wa nne na wa sita. Mchoro pekee wa bomba hilo ulikuwa umechorwa kwa chaki kwenye sakafu ya karakana. Nafasi ya mhandisi wa kiwanda ilikuwa wazi, mwenyewe alikwisha kuondoka na hajapatikana wa kuishika. Mafundi walikuwepo, vifaa vilikuwepo. Aliyekosekana ni mtu ambaye kazi yake ilikuwa kusema: hili halijapigiwa hesabu, lisifungwe.

Na dharura ya usiku? Hatuwezi kusubiri saini tano.

Mkuu wa zamu apewe mamlaka ya kuidhinisha badiliko la muda, kwa maandishi na kwa mipaka. Anaweza kubadilisha kifaa kwa kinacholingana kabisa. Hawezi kuondoa kinga ya usalama, kubadilisha kipimo cha kufungulia valvu, wala kuzungushia bomba kifaa kilichozibwa, bila kumpigia simu mhandisi aliye zamu ya wito. Badiliko la muda liwe na tarehe ya mwisho. Siku 30 ni kipimo kinachofaa kwa viwanda vingi. Zikipita, ama linarudishwa lilivyokuwa ama linapitia njia kamili.

Picha iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp ni taarifa, si kumbukumbu. Mkuu wa zamu anapaswa kuiingiza kwenye fomu kabla ya kukabidhi zamu asubuhi.

Namba za vifaa atoe nani?

Mtu mmoja, kutoka daftari moja. Kwa kawaida ni mtunza nyaraka, kwa kanuni iliyopitishwa na mwenye mfumo. Mkandarasi asijitungie. Makandarasi wawili wakijitungia, mtapata pampu mbili zenye namba P-101, moja kwenye maji na moja kwenye mafuta, na siku ya kukata umeme ili mtu aingize mkono, kosa hilo halina msamaha.

Namba haitumiki tena kifaa kikiondolewa. Inazikwa na kifaa chake. Pampu ikibadilishwa mahali palepale, namba ya mahali hubaki, na namba ambayo pampu mpya ilipewa na mtengenezaji wake huandikwa kwenye historia. Msichanganye hizo mbili.

Jambo la kwetu pwani: vibao vya bati vilivyopakwa rangi haviishi muda mrefu kwenye hewa ya chumvi. Tumieni chuma kisichoshika kutu, herufi zichongwe, na kifungwe kwa waya wa chuma hichohicho. Kibao kisichosomeka kinaifanya orodha nzima ya vifaa isiwe na maana.

Matoleo yaandikwe A, B, C au 0, 1, 2?

Utaratibu wa kawaida ni herufi wakati mchoro bado unajadiliwa, na tarakimu ukishaidhinishwa kwa ujenzi. Chagueni mmoja, mwenye mfumo autie saini, basi. Msitumie tarehe kuwa toleo.

Mkandarasi anakabidhi mradi. Nani apokee data, na akatae nini?

Mtunza nyaraka hupokea, wahandisi wa fani hukagua, na meneja mradi hawezi kusaini cheti cha kukamilika mpaka hao wawili waseme ndiyo. Nguvu ya jambo hili iko kwenye mkataba, kwa hiyo Idara ya Manunuzi iwepo kwenye jedwali lenu tangu mwanzo. Kabla ya kutangaza zabuni, andikeni orodha ya nyaraka zitakazokabidhiwa, miundo ya mafaili, kanuni ya namba, na sehemu ya malipo itakayozuiwa mpaka data zikamilike. Mkandarasi akishalipwa yote, hana sababu ya kurudi Mtwara kwa ajili ya mafaili.

Kataeni PDF peke yake. PDF haihaririki vizuri kama mchoro, badiliko la kwanza linaweza kuwalazimisha kuchora upya. Dai faili la asili la programu ya kuchora pamoja na PDF. Kwa zile za kuhifadhi muda mrefu tumieni PDF/A, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Kwa maumbo ya pande tatu, ombeni pia muundo wa STEP, ambao programu nyingi tofauti huufungua. Tofauti ya miaka si ndogo: gesi ya Songo Songo ilianza kutumika mwaka 2004, na mchoro wa bomba la wakati ule bado unahitaji kusomeka leo na kesho kutwa, programu iliyouchora iwepo isiwepo.

Kataeni pia michoro ya kazi iliyokamilika ambayo ni ileile ya usanifu iliyogongwa muhuri mpya. Njia ya kuitambua ni rahisi: chagua michoro kumi, nenda nayo eneo la kazi, fuata kila bomba kwa kidole. Ujenzi wowote huacha tofauti kadhaa. Ukikuta hakuna hata moja, kuna uwezekano mkubwa hakuna aliyekwenda kupima.

Makao makuu yako Dar es Salaam, mtambo uko huku. Seva ikae wapi?

Swali hili lina jibu la kihandisi na jibu la kijiografia, na kwa mikoa ya kusini la pili lina uzito. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilileta mafuriko yaliyokata barabara ya Lindi hadi Dar es Salaam, na tarehe 12 mwezi huohuo hitilafu ya nyaya za chini ya bahari ilidumaza intaneti nchini. Mfumo unaotegemea seva ya Dar es Salaam au ya nje ya nchi peke yake, wiki kama zile, unamwacha fundi wa Kilwa au Madimba bila mchoro. Tena wiki kama zile ndizo ambazo michoro ya mifereji, umeme wa dharura na valvu za kufungia huhitajika kuliko zote.

Kwa hiyo data rasmi zinaweza kukaa makao makuu, lakini kituo kiwe na nakala ya kusoma tu, inayojisasisha kila usiku kwenye seva ndogo ya hapo hapo. Iwe ya kusoma tu. Mkiruhusu pande zote mbili kuandika, mtandao ukirudi mtakuwa na ukweli wa aina mbili. Michoro ya usalama, hasa ya kuzima mtambo na ya zimamoto, iwepo pia kwa karatasi kwenye chumba cha kuongozea mitambo.

Nakala rudufu: tatu kwa jumla, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya eneo. TEHAMA anatenda na anawajibika. Ila jaribio la kurejesha lishuhudiwe na mhandisi, kila miezi mitatu: chagueni mafaili 20 bila mpangilio, yarejesheni kwenye kompyuta nyingine, myafungue. TEHAMA ataona faili limerudi. Mhandisi ndiye atakayeona kwamba mchoro umefunguka bila vielelezo vilivyounganishwa nao. Seva ya kituoni iwe na UPS (betri ya akiba) ya kuishikilia angalau mpaka ijizime yenyewe kwa utaratibu, kwa sababu umeme ukikatika ghafla ndipo hifadhidata huharibika.

Nani achague toleo la programu ya kuchora?

Mwenye mfumo, kwa kampuni nzima, na TEHAMA hatekelezi sasisho bila idhini yake. Airbus iligharimika kwa jambo hili. Timu za Hamburg na Toulouse zilizosanifu ndege ya A380 zilitumia matoleo tofauti ya programu ya kuchora iitwayo CATIA, la nne na la tano. Nyaya zilipofika kwenye ndege hazikulingana na nafasi zake, na mwaka 2006 kampuni ikatangaza ucheleweshaji mkubwa. Ofisi yenu ya Dar es Salaam na mchoraji wa Lindi wanaweza kurudia kosa hilohilo kwa kiwango kidogo: faili linahifadhiwa kwa toleo jipya, huku kituoni halifunguki, mtu anaomba atumiwe PDF, na kuanzia siku hiyo kituo kinafanya kazi nje ya mfumo.

Ruhusa na nywila?

Kila mtu akaunti yake. Wengi husoma, wachache huhariri, wachache zaidi huidhinisha, na aliyechora asijiidhinishe. Rasilimali Watu wajulishe TEHAMA siku ileile mtumishi anapoondoka. Nywila ya juu kabisa ya mfumo isibaki kwa muuzaji wa programu peke yake. Iwe pia kwenye bahasha iliyofungwa, ndani ya sefu, na kila ifunguliwapo isainiwe. Na kwa kuwa mfumo hubeba majina na saini za watu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu pia.

Sisi ni wadogo. Tuna mhandisi mmoja, mafundi wanne na kijana wa kompyuta anayekuja mara mbili kwa wiki.

Mtu mmoja anaweza kushika vyeo viwili au vitatu, na si vibaya. Msichanganye viwili tu: anayechora na anayeidhinisha. Mhandisi akichora, fundi mkuu aikague na kusaini kabla ya kutumika. Jicho la pili hukamata makosa hata kama halina shahada. Karani wa stoo anaweza kuwa mtunza nyaraka kwa saa chache kwa wiki, kwa kuwa vipuri na namba za vifaa tayari anavijua.

Wala msianze kwa kununua programu. Anzeni na daftari la michoro kwenye lahajedwali: namba, jina, toleo, tarehe, mwenye data, nakala za karatasi ziko wapi. Mkilitunza miezi sita bila kulikatisha, mko tayari kwa mfumo. Msipoweza kulitunza, hata mfumo ghali hautatunzika.

Viwango vya kimataifa vinatulazimisha nini?

ISO 9001:2015, kifungu 7.5, inadai nyaraka zidhibitiwe: ziidhinishwe, zipatikane zinapohitajika, za zamani zisitumike kwa bahati mbaya. ISO 10007, ambayo ni mwongozo, inaeleza usimamizi wa usanidi, yaani kujua wakati wote mtambo umeundwaje na nini kimebadilishwa, na inashauri mamlaka ya kuamua mabadiliko ijulikane wazi. ISO 19650, kwa miradi ya ujenzi, inatenganisha hali nne za taarifa: inayoandaliwa, iliyoshirikishwa, iliyochapishwa na iliyohifadhiwa. Hakuna hata kimoja kinachowaambia mumweke nani. Hilo ni lenu.

Tutajuaje mgawanyo unafanya kazi?

Mara moja kwa robo mwaka, mwenye mfumo achukue michoro 20 kutoka kwenye mfumo na atembee nayo kiwandani pamoja na fundi wa eneo. Ahesabu inayolingana na kilichopo. Kisha achukue vifaa 20 sakafuni, asome vibao, avitafute kwenye mfumo. Kila tofauti iandikwe pamoja na jina la cheo ambacho jedwali linasema kilipaswa kuizuia. Tofauti nyingi zikiangukia cheo kimoja, msikimbilie kumlaumu aliyekishika. Huenda amebebeshwa kazi tatu, au amenyimwa mamlaka ya kukataa. Zikiwa zimetawanyika, tafuteni hatua inayorukwa, na anzeni kuitafuta pale mchoro wenye alama nyekundu unapotoka mikononi mwa fundi kwenda kwa mchoraji.